Aliyesema Hanijui

Ukimkaribisha chai, Mwalimu hanywi mpaka wewe mwenyewe uwe umekunywa. Atashika kikombe, atapuliza, atakutazama. Ukishapiga funda lako la kwanza, naye ndiyo anaanza. Mwanzoni nilidhani ni adabu ya Kimarekani. Baadaye nikaona hata maji ya chupa anayanusa, nikasema, ala, mtu huyu ama amefanya jambo kubwa kwao akakimbia, ama ametumwa kuja kufanya jambo kubwa hapa. Miaka ile ya mwisho ya tisini tulikaa ukuta kwa ukuta Guangzhou, China, jengo moja la mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya tano, na kwa muda mrefu sikumwamini hata chembe. Naye hakuniamini. Tulisalimiana hivyo hivyo kila asubuhi.

Alikuwa Mmarekani mweusi, mtu mzima aliyekwishapita sitini, mrefu, mwembamba, wa shati la mikono mirefu hata ile miezi ya joto ambapo ukikaa tu unalowa. Alifundisha fasihi ya kwao katika chuo kimoja mjini. Kiswahili alikipata bara, Tanzania, enzi za ujamaa, alipokuja kusomesha skuli ya sekondari akakaa miaka, na kilikuwa Kiswahili kilichopigwa pasi. "Ndugu, habari za asubuhi. Je, biashara yako inaendeleaje?" Kila mtu kwake alikuwa ndugu. Hata polisi. Hata yule mama Mchina wa duka la chini aliyemuuzia sabuni, naye alikuwa ndugu, akiitwa hivyo kwa Kiswahili, na kwa vile alizoea aliitika.

Sisi tuliokuwa tukiishi pale ni watu wa kununua na kusafirisha. Mimi ni mtu wa Unguja, mnunuzi wa viatu, kazi yangu kuhangaika soko la Zhanxi kutoka banda hadi banda na mikokoteni ikinikanyaga miguu. Ghorofa ya tatu alikaa Mama Neema, mwanamke wa Mwanza, mkali, mcha Mungu, mnunuzi wa nguo za watoto. Yeye ndiye aliyelisema kwanza lile ambalo wote tulikuwa nalo moyoni.

"Wewe fikiria mwenyewe," aliniambia kwenye ngazi. "Mmarekani. Mweusi. Kiswahili anajua. Chuo kimempa nyumba nzuri yenye geti, ameikataa, kaja kubanana na sisi huku ndege zikitupitia juu ya bati. Anatafuta nini? Huyo ni shushushu."

Nikamwambia, "Mimi nilikwisha jua siku nyingi."

Nyumba ya chuo kweli aliikataa, na nilimuuliza sababu. Akasema pale getini kuna mzee ana kazi ya kuandika nani ameingia na nani ametoka. Nikamwambia kila mahali pana mlinzi, kwani mlinzi ana ubaya gani? Akanijibu, "Mlinzi hana ubaya, ndugu. Mimi ndiye sitaki kuandikwa." Jibu kama hilo linamtoa mtu wasiwasi au linamwongezea?

Tena mwenyewe alikuwa bingwa wa kuuliza. Hapo ndipo alipotukera. Yeye haulizwi, lakini anauliza: mmekuja lini, mnasali wapi, nyumbani mnalima nini, bibi zenu waliwahadithia nini mlipokuwa wadogo. Ukimgeuzia swali, anakumbuka kwamba ameacha maji jikoni. Nasi Watanzania tuna letu moja, hata tuwe mwisho wa dunia: tukikutana na mtu, baada ya salamu tunamuuliza kabila. Hatuna nia mbaya, ni kutaka tu kujua pa kumtania. Basi siku alipohamia, Mama Neema akamuuliza, "Mwalimu, wewe kabila gani?"

"Mimi ni Mmarekani."

"Hilo najua. Nauliza kwenu hasa."

Mwalimu akachukua kapu lake akapanda juu. Mama Neema akabaki mdomo wazi. Lakini hakukata tamaa, maana baada ya siku chache alimshika tena kwenye ngazi, akamkazia macho usoni, akamwambia, "Usinifiche bwana. Paji hilo ni la Kisukuma." Lo! Mwalimu alifurahi siku ile mpaka nikamwonea huruma. Alitembea akipiga mluzi. Akamnunulia Mama Neema machungwa. Kisha akaja Mkongo mmoja wa biashara ya vitambaa akamwapia kwamba kwa ile pua yeye ni Mluba hasa, na kijana wa Songea naye akasema, hapana, huyu Mngoni. Mwalimu akanuna kabisa. Alinambia, "Kila mtu hapa ananigawa apendavyo," na machungwa yakaisha.

Kupatana bei hakujui. Hilo nalo lilinitia shaka, maana mtu mweusi asiyejua kupatana bei mimi sijapata kumwona. Nilimpeleka Zhanxi kununua viatu vya baridi. Laobani, mwenye banda, akataja bei ya kijinga, kama wanavyofanya wote, ili wewe uigawe mara tatu, mgombane, mcheke, mkutane mahali. Mwalimu akatoa pesa akalipa. Laobani mwenyewe akaduwaa. Nilimvuta pembeni nikamfokea kama mtoto, nikamwambia unaniharibia soko, kesho mimi nitauziwa kwa bei hiyo hiyo.

"Wewe ukitaja bei, na yeye akataja bei, mimi natafuta pa kutokea," akasema. "Sipendi kusikia watu wawili wakibishana thamani."

"Ya kiatu, Mwalimu! Kiatu!"

"Najua ni kiatu, ndugu."

Na laobani yule, kwa furaha ya kupata mjinga, akamshika mkono akaanza kumbonyeza misuli na kumsifu kwamba ana nguvu. Wachina wa miaka ile walikuwa hawajatuzoea, walitugusa ngozi na nywele tukacheka nao. Mwalimu aliuvuta mkono wake kwa nguvu hata rafu ya viatu ikaanguka. Njia nzima tuliporudi alitangulia mbele, mikono mfukoni. Mimi nikamfuata nyuma, nikijiuliza huyu mtu ana nini.

Siku polisi walipokuja kukagua pasipoti ndiyo nilitaka kumtia makofi. Walikaa mlango wa chini, hukatizi bila kuonyesha. Sote tulitoa. Pasipoti ya Marekani wakati ule, we, ukiitoa mfukoni polisi anasimama wima! Wangemsalimia wakampisha. Yeye akakataa kuitoa. Akasema anakwenda dukani kununua mayai, na mtu anayekwenda kununua mayai hahitaji karatasi. Wao wakamwona Mwafrika mbishi, wakamkalisha kwenye kigoda nusu ya siku mpaka mtu wa chuo akaja kumtetea. Jioni nilimuuliza, sasa umepata faida gani?

Akanieleza kwa utulivu, mikono juu ya magoti. Kwao, zamani za utumwa, mtu mweusi hakutoka nje ya shamba bila kikaratasi cha bwana wake. Kimeandikwa anakwenda wapi na atarudi lini. Mzungu yeyote, hata mtoto, aliweza kumsimamisha njiani akamwambia toa. "Mimi sikuzaliwa zama hizo," akasema. "Lakini nikiambiwa toa, mkono wangu haufiki mfukoni. Ninaujaribu, haufiki." Nikamwambia pole. Moyoni nikasema, maneno matamu, na mashushushu ndio wenye maneno matamu.

Alinialika darasani mara moja. Nilishuku kwamba anataka kunionyesha kwa wanafunzi, mtu wa Afrika huyu hapa mtazameni, lakini alinikalisha nyuma kabisa wala hakunitaja. Wanafunzi walikuwa thelathini hivi, wengi wasichana, wenye makoti mazito darasani kwa sababu mji ule hauna joto la ndani wakati wa baridi. Walikuwa wakisoma kitabu cha mtu aliyetoroka utumwa akaandika mwenyewe maisha yake. Mwalimu alieleza kwamba vitabu vya namna hiyo vilitoka vingi, na fasihi yote ya watu weusi wa kwao imeota hapo, hata ile inayoandikwa leo na watu waliozaliwa na magari na televisheni. Nikaona kitu cha ajabu. Kurasa za mwanzo za kitabu chake alikuwa amezibana kwa klipu.

Msichana mmoja akauliza mle mna nini. Mwalimu akasema mle mna barua za Wazungu. Kila mtumwa aliyeandika kitabu ilibidi kwanza atafute Mzungu mwenye heshima zake amwandikie mbele: mimi namjua mtu huyu, ni mkweli, ameandika mwenyewe. Bila hivyo nani angesoma? "Ninyi mtaanza pale anapoanza kusema yeye," akasema. "Hizi zilizobanwa hatuzifungui."

Yule msichana hakukaa. "Mwalimu, bila barua hizo wangemwamini?"

"Hapana."

"Basi zilimsaidia."

"Zilimsaidia," akasema Mwalimu, na ilionekana limemtoka kwa shida. "Na mimi nazichukia."

Alizichukia kweli, na hasara ikawapata wengine. Wanafunzi wake waliotaka kwenda kusoma Marekani walihitaji mwalimu awaandikie neno zuri. Alikataa, kila mwaka, kila mmoja. Binti yule yule mwerevu alikuja mpaka Sanyuanli na matunda, akasimama mlangoni, akalia. Mwalimu alimwambia ajiandike mwenyewe, tena alikaa naye siku nzima akimsahihisha, akampikia na wali, lakini jina lake chini ya karatasi hakutia. Nilimwambia roho yako ngumu. Akasema, "Mtu akisimama kumthibitisha mwenzake, amekwisha kubali kwamba mwenzake peke yake hatoshi." Mimi nilikuwa na hamu ya kumuuliza hayo maneno yanaliwa na wali au na mkate.

Sasa nifike kwenye langu, maana huyu mtu aliniingia mpaka ndani ya nyumba yangu ya Unguja, na mwenyewe hakuwa na habari.

Nilikuwa nimepita arubaini, nimeachana na mke wa kwanza, nimechoka kula tambi za mgahawani peke yangu. Nyumbani dada yangu alinionyesha Salma. Mwalimu wa skuli ya msingi, mjane, mcheshi, macho yake hayakwepi. Nilikaa naye mara tatu sebuleni kwa dada, na dada akiwa hapo hapo, nikajua nampenda. Nalisema waziwazi: nilimpenda mpaka usingizi ukanikimbia. Baba yake alikwishafariki, mwenye kumwozesha alikuwa ami yake, mfanyabiashara mkubwa, wa ukoo mkubwa, mtu wa kanzu nyeupe na sauti ya chini. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Kwa sababu bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mtumwa. Aliletwa Unguja mtoto mdogo kutoka bara, akanunuliwa, akakulia kwenye nyumba ya watu. Kwetu jambo hili halisemwi. Halisemwi na mwenye nalo, halisemwi na jirani, na halina siku linaposahauliwa. Watu wataswali na wewe, watakula na wewe, watakuzika. Lakini siku unapoposa kwenye nyumba kubwa, ndipo mtu anapoinama kumnong'oneza mwenzake. Bibi mwenyewe nilimkuta, ndiye aliyenilea. Tukimuuliza ya zamani alisema "wale wenyewe" tu, hakuwataja, akageukia chungu chake.

Na mimi, kwa ujinga wangu, nilikwishamwambia Mwalimu. Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa tatu, ule msimu kuta zinapolia maji na viatu vyangu vikaota ukungu, na yeye alikuja kunisaidia kuvifuta. Tukifuta, akanihadithia bibi yake, naye mtoto wa watumwa wa pamba, jinsi alivyolala na viatu miguuni mpaka uzeeni. Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Na mimi wangu alinunuliwa." Mwalimu akaacha kitambaa, akanitazama. Tangu siku ile kila nilipomwona akizungumza na Mzanzibari mwenzangu, moyo ulinipasuka. Muulizaji mkubwa, na siri yangu anayo yeye!

Basi dada akapeleka posa, na kwetu posa ikipelekwa, mtu huulizwa. Watu wa mwanamke wanapita kwa majirani, msikitini, kazini: fulani mnamjuaje? Na hapa kuna utaratibu wake. Hakuna anayekusema vibaya, hilo ni aibu. Anayekutakia mema anakusifu kidogo. Asiyekutaka anasema "mimi simjui sana," na hiyo imetosha, posa imekufa. Ami yake Salma alikuwa akija Guangzhou mara kwa mara, na safari ile aliponunua mizigo yake akafika pia Sanyuanli, akauliza nani anakaa na mimi karibu zaidi. Wakamwelekeza ghorofa ya tano.

Mimi nilikuwa kiwandani nje ya mji. Niliporudi nikamkuta Mama Neema amekaa kwenye ngazi ananisubiri, uso umemvimba kwa habari.

"Mzee wa kanzu alikuja. Kamuuliza Mwalimu habari zako."

"Kamwambia nini?"

"Kasema hakujui."

"Hanijui vipi? Tunapakana ukuta!"

"Ndiyo hivyo. Mzee kamwambia, lakini mnakaa mlango kwa mlango. Yeye kasema, 'Mtu huyo sijapata kumwona.' Kisha kafunga mlango. Mimi mwenyewe nilisikia."

Jioni dada akanipigia simu ya dukani analia. Wamejibu kwamba wanaomba muda. Kwetu ukiombwa muda, umekataliwa. "Umemfanyia nini huyo Mmarekani," akasema, "hata akukane mbele ya watu?"

Niligonga mlango wa Mwalimu kwa ngumi. Akafungua, na wallahi alikuwa akitabasamu! Akanivuta ndani, akafunga komeo, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu, kuna mtu anakutafuta. Msafi, mpole, sauti tamu. Anataka kujua umetoka wapi na watu wako ni nani. Usiwe na wasiwasi, sikumpa kitu." Akakaa akisubiri nimshukuru.

"Umenizika," nikamwambia. "Mzima mzima."

Nikamweleza posa, nikamweleza kuulizwa. Tabasamu likamtoka. Akasema kwao mtaani, tangu enzi ya bibi yake mpaka yeye anakua, mtu asiyejulikana akija kumuuliza mtu, mtaa mzima unapofuka macho. Hajaonekana, hajasikika, hajazaliwa. Waliokuja kuuliza watu kwa sauti tamu zamani walikuja na mbwa, na utumwa ulipokwisha walikuja na kamba ya kunyongea. Mtoto alifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusoma. "Anayeulizia mtu," akasema, "muulize kwanza amepotelewa na nini."

"Hakupotelewa na kitu! Ni ami wa mchumba!"

Akanipa mgongo. Kisha akasema, kama anayezungumza na dirisha, "Kwa hiyo ninatakiwa niwe ile barua ya mbele."

"Mimi sijui barua. Nataka mke."

Siku kadhaa hakufungua mlango. Nikasema basi, ndiyo yamekwisha. Jumapili akatoka, amevaa koti na tai, amenyoa. "Twende kwa huyo mzee," akasema.

Hotelini alikofikia mzee, kabla ya kuingia, nilimshika bega. "Bibi yangu usimtaje."

"Akiniuliza sitasema uongo."

"Basi nyamaza."

"Nimeshanyamaza mara moja. Umeona matokeo." Akagonga mlango mwenyewe, na mimi nyuma yake jasho linanitiririka.

Ami yake Salma alikuwa peke yake chumbani. Alitukaribisha viti, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akamtazama Mwalimu kwa shaka, na alikuwa na haki. Mwalimu hakukaa. Alisimama katikati ya chumba.

"Mzee, nilikwambia simjui mtu huyu. Nilisema uongo. Ninamjua. Nilipougua homa alinipikia uji, ukawa na chumvi nyingi, akakaa mpaka nikaumaliza. Ananishuku kwamba mimi ni mpelelezi, na bado hunichukulia mkate kila asubuhi. Hasira anazo. Hakopi kwa mtu. Akiswali huzima redio yangu bila kuniuliza. Mimi sijapata kusimama kumsemea mtu maishani mwangu, na sikupanga kuanza. Lakini huyu ni mtu."

Mimi macho yalikuwa kwenye zulia. Mzee akacheka kidogo, akasema vizuri, vizuri. Kisha akauliza polepole, "Na bibi yake? Aliwahi kukwambia habari za bibi yake?"

"Bibi yake ndiye aliyemlea," Mwalimu akasema. "Kazi yake naiona kila siku."

"Lakini alikwambia alitoka wapi? Alikaa kwa nani?"

Nilipoinua kichwa niliona kikombe cha mzee kimelala upande, chai inamwagikia kanzu. Mwalimu naye alikiona. Akauliza, kwa upole kabisa, "Wewe kwa nini unataka kujua?"

Mzee akafuta kanzu yake kwa kiganja. Na mimi, sijui, yale maneno ya "kazi yake naiona kila siku" yalikuwa bado masikioni mwangu. Maisha yangu yote nimemficha mwanamke yule aliyenibeba. Nikasema, "Alinunuliwa, mzee. Bibi Tunu alinunuliwa akiwa mtoto."

"Na nani? Alikutajia?"

"Hakututajia. Alisema 'wale wenyewe' tu."

Mzee akashusha pumzi. Akaweka kikombe. Ile pumzi ndiyo iliyomfichua, kwa sababu Mwalimu akapiga hatua moja, akasema, "Ni ninyi."

Chini barabarani honi zinapigwa. Mzee akavua kofia yake, akaishika mapajani.

"Babu yangu ndiye aliyemnunua," akasema. "Mimi nilikuwa mdogo, na Tunu alikwisha kuwa huru, lakini alikuwa akija nyumbani siku za sikukuu. Alinibeba mgongoni. Dada yako alipoleta posa akataja ukoo wenu, nikajua wewe ni mjukuu wa Tunu. Nikaogopa. Nikasema huyu amekuja kulipiza, au atamwambia mtoto wetu, na Salma anatuona sisi watu wa maana. Nilikuwa nataka kujua tu kama unajua. Ungekuwa hujui ningekuoza siku ile ile." Akaniangalia kwa mara ya kwanza usoni. "Mwanangu, mimi sikukatai. Mchukue. Ila hili liishie chumba hiki. Asilijue."

Yarabi! Nilichokitaka kimewekwa mbele yangu, na bei imetajwa. Nilimgeukia Mwalimu nikitaka aniambie la kufanya, hata kwa jicho. Hakuniambia. Aliangalia dirishani, akaniachia mwenyewe.

"Namtaka Salma," nikasema. "Naomba simu."

Mzee alielewa. Akautazama mlango, nikadhani atatufukuza. Kisha akaisogeza simu ya mezani, akanisomea namba ya nyumbani kwake Unguja, anakokaa Salma, pole pole, mpaka mwisho.

Kule ilikuwa bado asubuhi. Salma akapokea mwenyewe. Nikamwambia yote, nimesimama, ami yake anasikia: bibi yangu, babu yao, kununuliwa, sikukuu, mgongo. Nilisema haraka haraka ili nisirudi nyuma. Salma akauliza swali moja.

"Hilo Tunu ni jina la kupewa. Kabla hawajamnunua alikuwa anaitwa nani?"

Nikalirudia swali kwa sauti, mle chumbani. Mzee akatazama kofia yake. Mwalimu akatikisa kichwa. Nikamwambia Salma hatujui, hapa tuko watatu na hakuna anayejua.

"Basi rudi nyumbani," akasema. "Kuna vizee bado wako hai. Tukaulize pamoja, mimi na wewe."

Niliweka simu. Mwalimu akaniuliza amesema nini, nikamwambia neno kwa neno. Akakaa kitandani kwa mzee bila kukaribishwa, na viatu vyake, akalia kwa sauti kubwa, mtu mzima yule. Mzee akamtazama, akainuka, akaenda bafuni akamletea taulo.